Mawe Meupe ya Kwambe

Kwambe, Jumapili, 19 Machi 1995

Niliondoka hapa mwanzoni mwa mwaka 1951. Leo nimerudi, na miaka niliyokuwa mbali ni arobaini na minne: ishirini na sita Nairobi, nikitengeneza ndege za shirika la jumuiya, na kumi na minane Ndola, nilikokimbilia jumuiya ilipovunjika na kila nchi ikachukua vyake. Nimekuja na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vitabu. Nia yangu ni kujenga nyumba ya vyumba vitatu na kuimalizia humo safari yangu.

Dada yangu Magreti bado ana sauti ileile, ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kisagara changu kimeota kutu. Watoto wake wananicheka kwa heshima. Mwanawe mkubwa, Mathayo, amepindukia miaka arobaini, ana mikono mikubwa na haya ya kijana. Kwetu mtoto wa dada ndiye mtoto wa ukoo wangu. Mimi ndiye mjomba: ndiye wa kuitwa anapooa, anapougua na anaposhitakiwa. Hayo yote nimeyafanya kwa barua.

Jioni Mathayo alinipeleka makaburini. Mama alizikwa mwaka 1963 bila mimi. Makaburi yako katika safu mbili zilizonyooka, na katikati kuna njia pana wanapokaa watu siku za mazishi. Mawe yote yamepakwa chokaa.

"Nimepaka wiki iliyopita, mjomba. Nilisema usije ukakuta mama yako amelala majanini."

Nilimshika bega tu.

Jumatano, 22 Machi

Mvua kutwa. Nimesoma.

Alhamisi, 23 Machi

Mvua ilipopumzika, Mathayo alinionyesha kiwanja cha ndege cha shamba la zamani la mkonge. Kiko upande wa kaskazini wa makaburi, na katikati hakuna kitu ila majani mafupi. Wazungu walipoondoka kililala miaka mingi. Siku hizi za ruksa ya biashara kampuni za watu binafsi za Dar es Salaam zimeanza kukitumia, kwa wanunuzi wa mazao na kwa chanjo masika yanapokata barabara. Kijiji kimemkabidhi Mathayo akitunze: afyeke majani, aweke mawe pembeni na kuyapaka. Anajivunia kazi hiyo kuliko anavyokiri.

Jumamosi, 25 Machi

Wafugaji wamepita na ng'ombe kando ya shamba la Magreti. Nilipoondoka walikuwa na maboma mawili matatu upande wa Mikumi; sasa wako kila mahali. Mathayo akasema, "Hawa wanalisha mahindi yako asubuhi, halafu jioni wanakuuliza mwaka huu umelima nini." Nilicheka sana. Naandika kwamba nilicheka.

Jumanne, 28 Machi

Nilikuwa Mikumi tangu asubuhi kununua misumari na bawaba. Mji umejaa malori ya kwenda Zambia, na kila nyumba ya barabarani imefunguliwa dirisha la duka. Saa nane hivi dereva mmoja aliingia mgahawani akasema ndege imeanguka Kwambe.

Nilipata lori la kunirudisha. Nimefanya kazi ya ndege maisha yangu yote, na katika miaka ya mwisho kazi yangu ilikuwa hiyohiyo ya kuuliza kwa nini zimeanguka. Hata hivyo hii niliikaribia polepole, kwa sababu ilikuwa imelala mahali ninapopajua. Ni ndege ndogo ya injini moja, ya viti sita. Ilikuwa imepinduka, magurudumu juu. Pua ilikuwa imejichimbia kwenye matuta ya viazi ya Magreti na mkia ulikuwa umefika makaburini. Bawa la kushoto lilikuwa limeangusha jiwe la kichwani mwa mama.

Rubani amefariki. Anaitwa Ulimboka, kijana wa Tukuyu. Abiria alikuwa mmoja, muuguzi aliyeleta chanjo; yu hai, amepelekwa hospitali Mikumi. Bila shaka tulipishana njiani.

Watu walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na maneno. Mathayo alinijia mbio. "Ng'ombe, mjomba. Ng'ombe wa Lekishon, yule mfugaji, walikuwa uwanjani. Rubani akawakwepa. Nimeona kwa macho yangu." Wakulima wengine wawili wakasema ndivyo.

Nyayo za ng'ombe zilikuwa nyingi kweli, hadi juu ya makaburi. Nilikasirika kama wao. Niliwaambia wasiguse kitu chochote kwenye ndege, nikaomba maturubai, moja la kumfunikia rubani na jingine la kukinga alama za magurudumu.

Jumatano, 29 Machi

Polisi wamechukua mwili wa rubani, kisha wamemchukua Lekishon. Ni mtu mzima, mrefu, mwenye jino moja la dhahabu. Hakubishana. Aliuliza jambo moja tu: nani atakamua ng'ombe. Vijana wakacheka, mmoja akamwambia, "Watakamuliwa na serikali." Ng'ombe wake wote wamefungwa kwenye zizi la kijiji. Kamati inasema watauzwa kufidia mazao ya watu, na boma lake lihame. Nimesikia mtu akisema, "Tumewapata safari hii."

Alhamisi, 30 Machi

Mvua. Turubai la kwenye matuta limepeperuka mara mbili.

Ijumaa, 31 Machi

Mchunguzi amefika kutoka Dar es Salaam, na ni Kasiani! Nilimfundisha Nairobi, kwenye chuo chetu, akiwa kijana asiyejua kushika spana. Sasa amenenepa, amevaa miwani ya jua ingawa jua halipo, na viatu vyeupe. Nilipoviona viatu nilikata tamaa.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba. Umekuja harusini?"

"Nimekuja peke yangu, mwalimu, ndiyo habari. Idara nzima tuko watatu, na ndege binafsi zimekuwa kama baiskeli. Nisaidie."

Nilimwambia wazi kwamba shamba ni la dada yangu, makaburi ni ya kwetu, na shahidi mkubwa ni mpwa wangu. Alivua miwani. "Basi kila utakachoandika nitakipima mara mbili. Lakini macho yako nayahitaji." Nilikubali.

Jumamosi, 1 Aprili

Kazi ya kutwa. Viatu vya Kasiani si vyeupe tena, na hakuvijali hata kidogo. Nilimhukumu mapema.

Mafuta yalikuwemo, masafi. Mapanga ya propela yamepindika yote, dalili kwamba injini ilikuwa inazunguka ilipogusa ardhi. Vibawa vya kupunguzia mwendo vilikuwa vimeshushwa. Nyaya za usukani ni nzima. Ndege haikuwa na ugonjwa.

Kisha tukashuka kwenye alama za ardhini, tukitambaa kwa magoti. Turubai lilikuwa limekinga sehemu kubwa ya matuta. Magurudumu ya nyuma yaligusa mwanzo wa shamba la Magreti, yakaenda mbele yamenyooka kama uzi. Tuta la kwanza yalilipasua, la pili pia, na katika la tatu gurudumu la mbele likazama ndege ikapinduka. Hakuna mahali yalipopinda.

"Mwalimu," Kasiani aliniita. "Angalia kwato hizi."

Alama za kwato zilikuwa ndani ya njia ya tairi. Ng'ombe alikanyaga pale ambapo gurudumu lilikuwa limeshapita. Tuliangalia nyingine, na nyingine. Hatukupata hata mahali pamoja ambapo tairi limepita juu ya kwato.

"Walikuja baadaye," nikasema.

"Walikuja baadaye. Huyu hakukwepa kitu. Alikuwa anatua."

"Anatua kwenye viazi?"

"Ndilo swali."

Kiwanja chenyewe kiko mbele, baada ya makaburi na majani. Rubani mzima, na ndege nzima, ameshuka kabla ya uwanja kwa mwendo sahihi kabisa, kama mtu anayekalia kiti ambacho hakipo.

Jumapili, 2 Aprili

Kanisani watu wamenipa mkono, wananipongeza kwamba kesi ya wafugaji sasa ina mtaalamu.

Jumanne, 4 Aprili

Tumekwenda Mikumi kumwona muuguzi. Anaitwa Agatha, ni mwanamke wa miaka thelathini hivi. Amevunjika mkono na mbavu, lakini akili yake iko sawa. Mkono ulikuwa umening'inizwa kwa shuka nyekundu. Hospitali ilimpa kitambaa kingine akakikataa.

Alituambia: "Rubani hakuwahi kufika Kwambe. Waliompa safari walimwambia, ukifika tafuta mawe meupe, ndiyo alama ya uwanja. Mawingu yalikuwa chini na chini yote ni majani. Tulizunguka. Tukazunguka tena. Mara akasema, 'Haya, yale pale.' Alifurahi. Akaniambia nikaze mkanda."

"Uliona ng'ombe mbele yenu?"

"Ng'ombe gani? Kulikuwa na mtu mrefu anavunja kioo kwa rungu. Akanivuta nje, akarudi kumvuta rubani, hakuweza. Wenzake walikuwa wanakuja mbio, na ng'ombe nyuma yao wanajijia wenyewe, maana waliokuwa wanawachunga wote walikuwa kwetu. Ndipo nikawaona ng'ombe. Nilikuwa nimelala majanini." Alishika ile shuka. "Hii ni yake. Ana jino la dhahabu. Nataka kumrudishia. Yuko wapi?"

Kasiani alinitazama mimi. Nilimwambia Agatha ukweli. Akasema, "Mnamfunga kwa sababu aliacha ng'ombe wake aje kwangu?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa anauliza.



Jumatano, 5 Aprili

Nimetembea kiwanja chote kutafuta mawe meupe. Mawe yapo, pembeni na mwishoni, kama Mathayo alivyoyapanga. Ni ya rangi ya udongo. Chokaa imeondoka na mvua, imebaki kwenye nyufa tu. Mtu aliye juu hawezi kuyaona.

Kisha niligeuka kusini. Safu mbili zilizonyooka, njia pana katikati, zinang'aa chini ya wingu kama meno.

Mvua ni moja na ilinyesha pote. Kwa nini haya yamebaki meupe? Swali hilo limenishinda. Naona nina hamu ya kushindwa.

Ijumaa, 7 Aprili

Sipora, mke wa Lekishon, amekuja asubuhi, akasimama nje ya uzio.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Wanasema wewe ni mtu wa ndege. Mume wangu kafanya nini? Niambie nikawaambie watoto."

Magreti alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Kawaambie kaua mtu! Na makaburi yetu mmeyafanya zizi!"

Sipora alishika uzio. "Mama, ng'ombe sita wana ndama. Matiti yamevimba. Usiku mzima wanalia, hata wewe unawasikia. Nifungulie nikamue, maziwa chukua wewe."

Magreti akarudi jikoni. Baadaye nilimwona akienda kusema na mlinzi wa zizi, na Sipora akaruhusiwa kuingia. Maziwa hakuyachukua. Dada yangu ndivyo alivyo: mdomo wake humtangulia.

Jumapili, 9 Aprili

Jumapili ya Matawi. Baada ya ibada vijana wa kijiji waliwatoa ng'ombe wa Lekishon kwenda kunywa maji mtoni. Hawakujua kuwachunga. Walipofika usawa wa makaburi kundi lote liliwaponyoka, likakimbilia mawe. Nilikuwa nimekaa pale na kitabu. Pale hakuna majani ya maana. Mathayo amefyeka hadi udongo. Ng'ombe hawakuwa wanakula. Walikuwa wanalamba. Jike mmoja mwenye baka alikuwa analamba jiwe la mama, macho ameyafumba, kama mtoto na sukari.

Magreti alikuja anapiga kelele na khanga mkononi, akawafukuza. Mimi niliinama, nikapitisha kidole kwenye jiwe, nikakiweka mdomoni.

Chumvi.

Niliongea naye palepale, na nayaandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu nitayahitaji.

"Dada, chokaa hii mmechanganya na nini?"

"Na chumvi. Chokaa bila chumvi inaondoka na mvua moja. Huko Ndola hampaki nyumba? Nilimpa Mathayo chumvi yangu ya jikoni, ile ya mawe, nikamwambia koroga mpaka iyeyuke. Mama akae mweupe mpaka Pasaka."

"Na mawe ya uwanjani?"

"Yale ya serikali?" Alicheka. "Walileta chokaa tupu. Nani aipe serikali chumvi yake?"

Aliendelea kucheka kidogo, kisha akaona uso wangu. "Nini, kaka?"

Nilimwambia nitamweleza kesho. Kwa hiyo ndiyo hivyo. Mfuko wa chokaa ulikuwa mmoja na mikono iliyopaka ni ileile. Kazi ya kijiji aliifanya kwa maelekezo aliyopewa. Ya bibi yake aliifanya kwa upendo. Mvua za wiki ile zikaifuta ya kwanza zikaiacha ya pili. Ulimboka aliambiwa atafute mawe meupe, na mawe meupe yaliyokuwepo yalikuwa ni yetu.

Jumatatu, 10 Aprili

Nimemweleza Kasiani kabla ya kuwaeleza wa nyumbani. Alikwenda kulamba mawe mwenyewe, ya uwanja na ya makaburini. Alinawa mikono, akasema, "Pole, mwalimu." Kisha akaniuliza kama nataka kujitoa. Nilisema nimechelewa kujitoa.

Mathayo nilimkuta anapalilia. Nilimwambia polepole, hatua kwa hatua, kama nilivyokuwa nikifundisha. Alisikiliza ameegemea jembe.

"Kwa hiyo nimeua mtu."

"Hujaua mtu. Hakuna aliyekuambia kwamba mtu wa juu hawezi kutofautisha. Hata mimi niliyaona makaburi na uwanja ndani ya wiki moja, na mimi ndiye wa ndege. Sikuliwaza."

"Nilipaka kwa sababu unakuja, mjomba. Miaka yote hatukuwa tunapaka."

Hilo lilinichoma, na sikutaka lionekane. Nikauliza nililotakiwa kuuliza. "Uliwaona ng'ombe kabla ndege haijashuka, au baada?"

Alipiga tuta kwa jembe, mara moja, bila sababu. "Nilikuwa nyumbani. Nilisikia kishindo, nikakimbia. Nilipofika niliwaona juu ya kaburi la bibi, wanakanyaga, wanajisaidia. Nikajua ni wao."

"Ulijua. Hukuona."

"Nilijua, mjomba!"

"Nenda ukawaambie polisi hivyo ulivyoniambia."

"Nikisema hivyo, atakayebaki ni nani?" Aling'oa jembe kwenye tuta. "Wewe ni mjomba wangu au wa Lekishon?"

Jumatano, 12 Aprili

Ukoo ulikaa kwa Magreti mchana. Anayeongoza ni Petro, mtoto wa mama mdogo, tuliyekuwa tunawinda naye panya buku. Aliongea vizuri, bila kunitisha.

"Kaka Cleopa, hatusemi udanganye. Rubani alikufa siku ya mvua. Mvua ilifuta chokaa. Mvua ililainisha shamba. Mawingu yalikuwa chini kwa ajili ya mvua. Andika mvua. Mvua haina mama wa kuililia."

Watu waliitikia. Hata mimi niliona uzuri wake, kwa sababu yote aliyoyasema yatakuwemo kwenye ripoti.

"Na Lekishon?" nikauliza.

"Lekishon ana watu wake. Wana ng'ombe wa kutosha, watatoa wawili watatu, atatoka. Sisi tuna Mathayo na wewe."

Niliwaambia kwamba kazi yetu haitafuti wa kufungwa, inatafuta sababu, ili ndege nyingine isifuate mawe hayohayo wiki ijayo. Nikiandika mvua peke yake, mawe yatabaki. Na mtu aliyemtoa muuguzi ndani ya ndege yumo mahabusu kwa maneno ya mpwa wangu.

Magreti ndiye aliyesema, na hakupaza sauti, jambo ambalo sijawahi kulisikia kwake. "Mama alipokufa hukuja. Tulikusamehe kwa sababu ulikuwa mbali. Leo uko hapa."

Alhamisi, 13 Aprili

Nimeandika. Kasiani amesahihisha sentensi mbili ambamo nilimtetea mno Mathayo. Alikuwa sahihi. Tumetia saini wote, na nakala moja Kasiani ameipeleka polisi.

Sababu: alama za uwanja zilizofutika, na makaburi yenye chokaa isiyofutika yaliyopangwa kama alama za uwanja. Ng'ombe hawakuhusika. Pendekezo la kwanza: mawe ya makaburi yafunikwe au yapoteze weupe wake kabla ya safari inayofuata, ambayo ni Jumatano.

Nimeandika neno "makaburi". Sikuandika ya nani. Halikuhusu.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 15 Aprili

Lekishon ametoka. Mathayo ameitwa kueleza alichosema mwanzo, akabaki hukohuko. Askari waliomzuia waliniambia ni siku mbili tatu tu, kwa kutoa maelezo ya uongo. Mke wa Mathayo hakulia mbele yangu, alisubiri niondoke.

Magreti alikuwa anachambua mboga. "Umemtoa wa watu," akasema, "umemtia wa kwako."

Nilikaa naye hata hivyo. Tulichambua mboga zote.

Pasaka, 16 Aprili

Kijiji kizima asubuhi kilikuwa makaburini kwao, mbali na uwanja, kila mtu na ndoo ya chokaa. Sisi peke yetu tulikuwa na ndoo za tope. Kasiani aliniambia Pasaka ipite kwanza, tufanye Jumatatu. Magreti alikataa. Alisema kama ni lazima ifanyike, itafanywa na wenye makaburi, siku ambayo wenye makaburi wanakuja.

Alianza na la mama. Alichota tope la mfinyanzi kwa kiganja akalipaka jiwe kama anavyokandika ukuta, kwa uangalifu, mpaka kwenye pembe. Nilikunja mikono ya shati nikaja kumsaidia. Alinizuia kwa kiwiko, bila kunitazama. "Wewe umeshafanya."

Nilisimama pembeni na kofia mkononi mpaka safu zote mbili zikawa za rangi ya ardhi. Watoto wa jirani walikuja kutazama, wakauliza kwa nini bibi wa Mathayo anachafuliwa. Mama yao aliwavuta.

Jumatatu, 17 Aprili

Kasiani na mimi tumepaka mawe ya uwanja. Chumvi tumenunua dukani. Mgongo unauma.

Lekishon alipita na ng'ombe wake. Ndama mmoja amekufa zizini. Nilidhani atasimama. Alinisalimu "Shikamoo" kama inavyopasa, nikaitikia, akaendelea na njia. Wanahamisha boma kwenda upande wa pili wa mto. Kijiji kimepata kilichotaka, na ripoti yangu haikukizuia. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia Lekishon, nilibaki nayo.

Jumatano, 19 Aprili

Ndege ya chanjo imetua uwanjani bila tatizo. Ilikuja na Agatha, mkono ukiwa umefungwa kwa plasta. Alishuka na ile shuka imefuliwa na kukunjwa, akauliza boma la Lekishon liko wapi. Alivuka mto kwa mtumbwi, kwa mkono mmoja, akaenda.

Mathayo ameachiwa. Saa kumi tulikutana kwenye njia ya kisimani. Amekonda. Nilisimama nimpishe, kwa kuwa alibeba mzigo. Alipita. Hakunisalimu. Mtu mzima wa ukoo wetu kumpita mjomba wake bila shikamoo, sijawahi kuliona tangu nizaliwe, wala yeye hajawahi kulifanya. Hakuwa amesahau: aliuhamishia mzigo bega la upande wangu.

Alhamisi, 20 Aprili

Petro amekuja kunieleza, kwa adabu, kwamba binti wa Mathayo anaposwa mwezi ujao na ukoo umemwomba yeye asimame kama mjomba wa familia. Nilisema ni sawa. Aliniuliza kama bado ninahitaji kile kiwanja cha ukoo nilichotaka kujengea nyumba. Misumari na bawaba nimemwachia Mathayo.

Mikumi, Jumamosi, 22 Aprili

Nasubiri basi la Tunduma, na kutoka huko nitavuka mpaka kurudi Ndola. Kasiani alinileta kwa Landrova, akanibebea sanduku la vitabu, akaniambia ripoti imepokelewa na viwanja vingine vitakaguliwa kwa sababu yake. Tuliagana vizuri.

Magreti alikuja naye garini, bila kualikwa, amevaa nguo za kanisani. Amenipa viazi vya kuchemsha vya shamba lile, amevifunga kwenye jani. Tulikaa kwenye benchi la mgahawa, malori yakipita.

"Ungeandika tena vilevile?" akaniuliza.

"Vilevile."

"Najua." Alinifuta tope begani kwa khanga. "Mathayo atapoa. Si leo. Mimi nimeshapoa nusu. Lakini pale nyumbani, kaka, sasa kila mtu akikuona anaona jiwe la mama lina tope. Hata mimi."

Nilimwambia ninaelewa. Alitaka kusema njoo tena mwakani, nikaona anashindwa, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa nilimpunguzia kazi. Nilimwambia anisalimie wote, na Mathayo kwa jina.

Basi limefika. Sitarudi Kwambe.